MSM na goti linalouma: utafiti umeonyesha nini hasa

MSM ni kifupi cha metilsulfonilimethani. Ni unga mweupe wa chembe kama chumvi, hauna harufu, na ukiuweka ulimini ni mchungu. Kwa uzito, theluthi moja hivi ni salfa: katika gramu 1 ya MSM mna gramu 0.34 za salfa. Unauzwa kama kirutubisho cha viungo, ngozi, nywele, mzio, uchovu na mambo mengine kumi. Nasema mapema ninakosimama: kwa goti lililosagika, yaani lenye gegedu iliyolika (ile tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo), kuna ushahidi wa kweli, ingawa ni mdogo. Kwa mengi kati ya hayo mengine ushahidi ni hafifu mno, na anayekuuzia kwa sababu hizo anakuuzia tumaini.

Kwanza tuondoe mkanganyiko wa jina, maana neno "salfa" kwetu limebeba vitu vingi. Kuna kiberiti upele, ule unga wa manjano unaochanganywa na mafuta kwa ajili ya upele. Kuna salfa ya unga ambayo wakulima wa Mtwara na Lindi hupulizia mikorosho dhidi ya ubwiri unga. Hizo mbili ni salfa tupu, si MSM, na ile ya shambani haijatengenezwa iliwe na mtu. Halafu kuna dawa za salfa, yaani Septrin na SP ya malaria. Aliyewahi kupata mzio wa dawa hizi huogopa kila kitu chenye neno salfa, na hofu yake inaeleweka. Lakini mzio ule hautokani na salfa yenyewe. Unatokana na umbo la molekuli za sulfonamidi, umbo ambalo MSM haina. Hata hivyo, kama mzio wako ulikuwa mkali, ngozi ikababuka au midomo ikavimba, mwambie daktari wako kabla ya kujaribu kitu chochote kipya.

MSM ni ndugu wa DMSO, kimiminika kilichopata umaarufu Oregon, Marekani, miaka ya 1960 kupitia daktari Stanley Jacob na mkemia Robert Herschler. DMSO ikiingia mwilini, sehemu yake hugeuka kuwa MSM, na sehemu nyingine hutoka kwa pumzi ikinuka kama kitunguu saumu. MSM haina kero hiyo, na ndiyo sababu mojawapo ya kupendwa. Kiasi kidogo sana chake kimo pia katika maziwa mabichi na kahawa.

Sasa, maelezo ya kwenye chupa. Yanasema mwili wako umepungukiwa salfa, gegedu inahitaji salfa, basi meza MSM ujaze pengo. Yanasikika vizuri, ila hayasimami. Ni kweli gegedu ina salfa nyingi. Lakini mwili hupata salfa yake hasa kutoka kwenye protini, kwa asidi amino mbili, yaani vipande viwili kati ya vile vinavyounda protini: methionini na sisteini. Shirika la Afya Duniani linakadiria mtu mzima anahitaji miligramu 15 za hizo mbili kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani miligramu 900 kwa mtu wa kilo 60. Yai moja lina takriban 300. Ongeza dagaa, maharage na ugali, umefika. Tena, panya walipopewa MSM iliyotiwa alama ya mionzi ili ifuatiliwe, sehemu kubwa ilitoka kwenye mkojo. Kama MSM inasaidia, basi huenda inafanya kazi kwa njia nyingine: katika seli za maabara imeonekana kutuliza ishara zinazochochea uvimbe. Jambo hilo bado linachunguzwa, na maabara si goti la mtu.

Tuje kwenye majaribio ya watu wenyewe. Ninayoyapa uzito ni yale ambayo kundi moja linapewa MSM na jingine vidonge vitupu, visivyo na dawa ndani, vinavyofanana navyo, na si mgonjwa wala mpimaji anayejua nani kapewa nini.

La kwanza ni la India, mwaka 2004. Wagonjwa 118 wenye kusagika kwa goti kwa kiwango kidogo hadi cha wastani waligawanywa makundi manne: glukosamini (kirutubisho kingine cha viungo), MSM, zote mbili pamoja, na vidonge vitupu. Kipimo cha MSM kilikuwa miligramu 500 mara tatu kwa siku kwa wiki 12. Maumivu yalipungua, na waliopata zote mbili walipata nafuu zaidi.

La pili ni la Marekani, mwaka 2006, watu 50 wenye umri wa miaka 40 hadi 76. Kipimo kilikuwa kikubwa: gramu 3 mara mbili kwa siku, wiki 12. Maumivu, kwa mizani ya 0 hadi 100, yalishuka kutoka 58 hadi 43 hivi, na uwezo wa kufanya shughuli ukaongezeka kuliko kwa waliomeza vidonge vitupu. Ukakamavu wa kiungo haukubadilika vya kutosha kuhesabiwa.

La tatu ni la Israeli, mwaka 2011, watu karibu 50, gramu 1.125 mara tatu kwa siku, wiki 12 tena. Maumivu yalipungua na utendaji ukaboreka, lakini watafiti wenyewe waliandika wazi kwamba nafuu hiyo ni ndogo na haijulikani kama mgonjwa ataiona ina maana katika maisha yake. Sentensi hiyo huwezi kuikuta kwenye tangazo, nami naiona ndiyo muhimu kuliko zote. Mwaka 2018 uchambuzi uliokusanya majaribio ya virutubisho vingi vya viungo ulifikia mahali hapo hapo: MSM inapunguza maumivu kwa takwimu, umuhimu wake kwa mgonjwa hauko wazi.

Ona pia kinachokosekana. Makundi ni madogo. Wiki 12 ni muda mfupi kwa ugonjwa wa miaka. Na hakuna hata moja kati ya majaribio haya lililoonyesha gegedu ikiota upya. Anayekuambia MSM "inarudisha gegedu" anasema kitu ambacho hakijaonekana.

Kuhusu mzio wa pua kuna jaribio la mwaka 2002, miligramu 2,600 kwa siku kwa siku 30. Watu walisema wamepata nafuu. Lakini hapakuwa na kundi la vidonge vitupu, na vipimo vya damu vya IgE na histamini, kemikali za mwili zinazohusika na mzio, havikubadilika. Msimu wa chavua ukipita, pua hufunguka bila dawa yoyote. Silitegemei.

Turudi kwenye goti, maana hapo ndipo watu hupoteza pesa. Wanameza kipimo ambacho hakijajaribiwa, kisha wanasema dawa haifanyi kazi, au wanasema inafanya kazi kwa sababu siku hiyo goti lilikuwa limetulia lenyewe.

Geuza chupa usome nyuma, usisome mbele. Mbele pameandikwa kwa herufi kubwa glukosamini, kondroitini (nacho ni kirutubisho cha viungo), MSM. Nyuma utakuta mstari mdogo: kiasi kwa kila "mlo mmoja", na mlo huo huenda ni vidonge 2 au 3. Kama dozi nzima ya siku ina MSM miligramu 500, hiyo ni theluthi ya kipimo kidogo kabisa katika majaribio matatu niliyoyataja, na ni sehemu moja ya 12 ya kile cha Marekani. Ukikuta "mchanganyiko maalumu" wenye jumla moja bila kutaja kila kitu kimo kiasi gani, rudisha chupa rafuni.

Fanya hesabu kabla ya kulipa. Gramu 3 kwa siku, karibu na kipimo cha Israeli, kwa siku 84 (wiki 12) ni gramu 252. Chupa ya vidonge 60 vya miligramu 500 ina gramu 30 tu, kwa hiyo utahitaji zaidi ya chupa 8. Unga wa MSM pekee mara nyingi huwa nafuu zaidi, ila pima kwa mizani ndogo ya jikoni inayosoma sehemu za gramu. Kijiko cha chai hudanganya, kwa sababu chembe nene na chembe laini hazijazi sawa. Gramu 3 huyeyuka bila shida kwenye glasi ya maji. Uchungu utausikia, juisi ya ndimu huupunguza. Pendelea bidhaa iliyopimwa na maabara huru, maana sheria ya Marekani ya mwaka 1994, nchi zinakotoka chupa nyingi, haimlazimishi mtengenezaji kuthibitisha kwamba kirutubisho kinafanya kazi kabla hajakiuza.

Kabla ya kumeza chochote, andika maumivu kwa siku 7. Mambo matano, kila moja kwa alama 0 hadi 10: kutembea tambarare, kupanda na kushuka ngazi, usiku kitandani, ukiwa umekaa au umelala, na ukiwa umesimama wima. Jumla ni 50. Wiki hii ya kuandika wengi huiruka, na kuiruka ndiko kunakoharibu jaribio zima. Mtu hununua dawa siku goti limezidi. Goti lililozidi kwa kawaida hushuka lenyewe baada ya siku chache, na sifa inakwenda kwa chupa. Andika pia kila kidonge cha maumivu unachomeza. Ukipunguza diklofenaki kutoka siku 5 kwa wiki hadi 2, hiyo ni nafuu hata kama alama hazijasogea.

Kisha anza polepole: wiki ya kwanza gramu 1 asubuhi na chakula, wiki ya pili gramu 1 asubuhi na 1 mchana, kuanzia ya tatu gramu 1.5 mara mbili. Ukianza na gramu 6 siku ya kwanza, tumbo kuunguruma na kuharisha si ajabu. Wengine huumwa kichwa, na wachache hukosa usingizi, ndiyo maana dozi ya pili iwe mchana badala ya usiku. Katika muda huo usiongeze kirutubisho kingine, la sivyo hutajua kipi kimefanya nini. Mwisho wa wiki ya 12 linganisha wastani wa alama za wiki hiyo na ule wa siku 7 za mwanzo. Mimi naweka mstari kwenye pointi 10 kati ya 50: ikiwa hazijashuka hizo, acha. Zikishuka, acha pia kwa wiki 4 uone kama maumivu yanarudi. Yasiporudi, umeokoa pesa.

Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wasijaribu, kwa kuwa majaribio haya hayakufanywa kwao. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, au mwenye ugonjwa wa figo au ini amuone daktari kwanza.

Na MSM isichukue nafasi ya vitu vyenye ushahidi mzito zaidi. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa 2013, watu 454 wenye uzito mkubwa na magoti yaliyosagika walifuatiliwa miezi 18. Waliounganisha mlo na mazoezi walipoteza karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wao, na maumivu yakapungua kuliko kwa waliofanya mazoezi peke yake. Kila kilo moja unayopunguza huliondolea goti mzigo wa takriban kilo 4 kwa kila hatua. Kuimarisha misuli ya paja kwa kuinuka na kukaa kwenye kiti mara 10, seti 3, siku 3 kwa wiki, hakugharimu shilingi.

Goti likivimba ghafla, likawa jekundu na la moto, ukapata na homa, usingoje wiki 12 wala siku 2. Huenda ni usaha ndani ya kiungo, na hospitali ni siku hiyo hiyo.