Mipira ya petroli kwenye Datsun 240Z

Gari iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973 sasa ina umri wa nusu karne, na mipira yake ya petroli huzeeka kwa ndani kwanza. Ukiikunja ikaonyesha nyufa, au ukinusa petroli asubuhi, badilisha yote kwa pamoja.

Mpira wa kupeleka mafuta una kipenyo cha ndani cha milimita 8, wa kurudisha milimita 6. Tafuta wenye maandishi SAE 30R9, alama ya kiwango cha mpira wa petroli. Ule wa 30R7 unatosha kwa presha ndogo ya kabureta, lakini wa R9 huvumilia zaidi petroli yenye ethanoli. Mpira wa maji ya rejeta usiutumie kabisa kwa petroli: petroli huuvimbisha na kuulainisha.

Injini ipoe, toa waya hasi wa betri, weka kizimamoto karibu. Tangi likijaa, mafuta yatamwagika ukichomoa mpira wa chini, basi yapunguze kwanza. Mpira uliogandia usiuvute kwa koleo, utapinda bomba; upasue kwa kisu kwa urefu. Sugua kutu, kisha ingiza mpya sentimita 2.5 hivi. Klipu ziwe za ukanda laini usio na matundu, kwani zenye matundu hukata mpira.

Wengi husahau mipira ya mvuke nyuma, kati ya tangi na chemba ya mvuke iliyofichwa kwenye bodi. Harufu ndani ya gari mara nyingi hutoka huko.

Ukiwasha, starta itazunguka kidogo hadi kabureta zijae. Kagua kila kiungo kwa tochi, injini ikinguruma.