Saa ya kando ya kitanda: rangi ya taa ya nyuma imenila mwezi mzima

Wiki ya kwanza

Mradi ulipaswa kuwa wa jioni mbili tu. Saa ya kuweka kando ya kitanda, ionyeshe saa, tarehe na joto la chumba, basi. Skrini ni ile ya LCD yenye mistari miwili, herufi 16 kila mstari, ambayo aliyewahi kuchezea Arduino, ule ubao mdogo wa kielektroniki unaoandikiwa programu, hakosi moja ndani ya droo. Yangu ilikuwa ya buluu yenye maandishi meupe. (Nikisema taa ya nyuma humu, nazungumzia ile iliyo mgongoni mwa kioo cha skrini, si ya gari.)

Mchana ilipendeza hata nikaipiga picha. Saa nane usiku nikashtuka usingizini, nikageuza kichwa, nikaona wingu la buluu na ndani yake kitu cheupe kinachoweza kuwa 3, 8 au 0. Mimi sioni vizuri vitu vya mbali, na usiku miwani yangu imelala mezani. Saa inayokutaka upapase miwani kwanza haina kazi kitandani.

Nilishuku mguu wa 3 wa skrini (miguu ni zile pini za kuungia waya), ule unaorekebisha ukolezo wa herufi. Nikazungusha poteshometa, yaani kizuizi cha umeme cha kuzungusha, ya kilo-ohmu 10 toka mwanzo hadi mwisho. Herufi zilikolea, wingu likabaki palepale.

Wiki ya pili: kosa la aibu

Nikabadilisha skrini. Hii mpya usuli wake ni mweusi, zinazowaka ni herufi, na nyuma ina taa ndogo za LED, nyekundu, kijani na buluu, kila moja na mguu wake. Nikatia rezista (vizuizi vya kupunguza umeme) za ohmu 150 kwa zote, nikawasha moja moja, nikaandika daftarini: "Nyekundu imeshinda kwa mbali."

Haikushinda, ilipendelewa. LED nyekundu hutumia karibu volti 2, ilhali hizo mbili nyingine hutaka kama 3.2. Kwenye umeme wa volti 5, rezista ileile inaipa nyekundu miliampea 20 na wenzake 12. Nikachana ukurasa.

Kuzipa mkondo sawa nako hakutoshi, maana jicho lenyewe lina upendeleo. Kwenye mwanga wa kutosha huhisi zaidi mawimbi ya mwanga yenye urefu wa karibu nanomita 555, yaani kijani kinachoelekea njano. Ukichukua nyeupe ya skrini ya kompyuta, kama asilimia 72 ya mng'ao wake hutoka kwenye kijani, 21 kwenye nyekundu, na buluu inaambulia 7. Ndiyo maana maandishi ya buluu tupu juu ya weusi hupata uwiano wa mng'ao wa 2.4 kwa 1 tu, na ya kijani tupu hupata 15.3 kwa 1, wakati miongozo ya kurasa za wavuti hutaka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida.

Basi nitazilinganishaje rangi bila kipimo cha maabara? Kuna njia ya zamani ninayoipenda sana. Unabadilishana rangi mbili kwa kasi, mimi nilitumia mara 15 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo jicho haliwahi tena kutenganisha rangi, huziona zimechanganyika, lakini tofauti ya mng'ao bado hulisumbua na utaona skrini inapepesa. Sasa punguza ile rangi kali polepole. Kuna mahali kupepesa kunakaribia kutoweka, na hapo rangi zote mbili zina mng'ao uleule kwa jicho lako. Nilikaa sakafuni karibu saa nzima nikizungusha kitufe kama mtu anayetafuta stesheni ya redio. Mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga asijaribu kabisa.

Wiki ya tatu: hatua za kurudi nyuma

Mng'ao ukiwa sawa, niliandika programu itoe tarakimu za bahati nasibu, nikavua miwani, nikaanza kurudi nyuma hatua kwa hatua hadi nishindwe kusoma. Kijani na nyekundu zilipishana hatua moja, nyekundu mbele. Buluu iliniangusha mapema mno, ingawa mng'ao ulikuwa uleule.

Kumbe lenzi ya jicho hupinda mwanga wa buluu kuliko mwekundu. Taswira ya buluu hukusanyika mbele ya retina, ule utando wa ndani nyuma ya jicho unaopokea taswira, wakati nyekundu inakusanyika nyuma kidogo. Jicho la asiyeona mbali tayari hukusanya kila kitu mbele ya retina, kwa hiyo buluu huzidi kupotea na nyekundu hujikuta karibu na mahali pake. Tena, katikati kabisa ya retina, pale tunaposomea, seli za kuhisi buluu karibu hazipo.

Mama alipita, nikamshika mkono. "Mama, hebu nisomee hapa."

Alisogea bila miwani yake ya kusomea, akakunja uso. "Mwanangu, hiyo nyekundu inanichezea. Rudisha ile ya kijani. Enhe, hiyo naiona."

Nilitaka kumbishia, nikakumbuka ubao ambao mpima macho hukuonyesha, nusu nyekundu, nusu kijani, akuulize herufi za upande gani ziko wazi zaidi. Asiyeona mbali huchagua nyekundu. Ambaye taswira yake inaangukia nyuma ya retina, kama Mama anaposoma kitu cha karibu, huchagua kijani. Nilikuwa nakitumia kipimo hicho siku zote bila kujua. Sijui kwa nini watu hubishana rangi ipi ni bora kwa kusoma bila kwanza kuulizana miwani ya namba gani.

Kaharabu

Nikataka rangi ya katikati, kaharabu, yaani njano inayoelekea chungwa. Nikachanganya nyekundu na kijani. Ilipendeza, ila kwa macho yangu kila herufi ilikuwa na ukungu mwembamba wa kijani pembeni. Bila shaka: ni mawimbi mawili, yanakusanyika mahali pawili. Nikaifungua skrini, nikayeyusha lehemu, nikang'oa ubao wa LED na kuweka LED halisi za kaharabu, za nanomita 590 hivi, wimbi moja. Ukungu ukaisha. Nilikatika ukucha, na kona moja ya plastiki ya kusambaza mwanga ina ufa, lakini ukiwa mbele huuoni.

LED za kijani nimezibakiza kwenye mguu wake kwa ajili ya Mama. Ana kitufe chake.

Kupepesa

Hili lilinichosha macho kuliko rangi yoyote. Arduino hupunguza mwanga kwa kuuwasha na kuuzima, mara 490 kwa sekunde kwenye miguu mingi. Ukikazia macho huoni kitu. Ukiyahamisha haraka gizani, tarakimu zinaacha mkia wa vivuli vingi, kama zimepigwa muhuri mara kadhaa. Kuongeza kasi ni mstari mmoja wa programu: nilibadilisha kigawanyo cha taima 1, moja ya saa za ndani ya Arduino zinazopanga kasi hiyo, miguu ya 9 na 10 ikapanda hadi zaidi ya mara 31,000 kwa sekunde. Kaharabu ikatulia, kijani bado ina mkia. Jioni nzima nikalaumu waya. Kijani nilikuwa nimeiunga mguu wa 11, ambao ni wa taima 2. Mstari wa pili ukamaliza kazi.

Kuhusu usingizi: retina ina seli zinazoiambia saa ya mwili kuwa ni mchana, na zinahisi zaidi mwanga wa karibu nanomita 480, buluu. Hiyo ni sababu nyingine ya kuiacha buluu nje ya chumba cha kulala. Ila sikubaliani na wanaoifanya buluu kuwa sumu ya macho. Mapitio ya 2023 ya Cochrane, shirika linalochambua tafiti za afya, yalihitimisha kuwa miwani ya kuchuja buluu huenda haipunguzi uchovu wa macho kwa muda mfupi. Mbele ya skrini tunasahau kupepesa kope, macho yanakauka, na hilo halina rangi.

Ilipofika jana

Saa inasomeka saa nane usiku bila miwani. Imebaki mwanga ujipunguze wenyewe giza likiingia. Nilibandika kihisi mwanga pembeni mwa skrini, nacho kikawa kinaona taa ya skrini yenyewe: inajiongeza, inajiona, inajiongeza tena. Kesho natoboa tundu mgongoni mwa boksi.