Gari la zambarau na waya wa Gerezani

Kitambaa chenyewe kilikuwa chekundu, vile vya kufutia oili, kimekunjwa kikafungwa na raba bendi. Nilikitoa mimi mwenyewe kwenye droo la dashibodi Ijumaa usiku, pamoja na risiti za mafuta, kalamu mbili zilizokauka na pakiti ya bigijii, nikavisweka vyote kwenye boksi chini ya meza ya kazi, maana Mzee alisema kesho anataka ile gari iwe safi mpaka sehemu ambazo hakuna mtu atakayeangalia. Sikukifungua. Ningekifungua nisingekuwa na stori ya kuandika leo.

Ilikuwa Agosti 2018, Ferndale, nje kidogo tu ya Detroit. Mi nilifika Michigan 2013, nikaosha vyombo, nikapakia mizigo kwenye ghala, baridi ikanifundisha adabu, afu 2014 jamaa mmoja wa kanisani akanipeleka kwa huyu mzee ambaye alikuwa anatafuta kijana anayejua kabureta. Kabureta! Vijana wa kule wanajua kuchomeka kompyuta kwenye gari, kabureta wanaiona kama kitu cha makumbusho. Mimi nimekulia mtaa wa Gerezani, Dar, nikishika spana kwa fundi mmoja mkali sana, tukifufua Datsun 120Y na Peugeot 504 ambazo kwa haki zilishatakiwa kuzikwa. Kwa hiyo siku ya kwanza nilipofungua kabureta yake mezani, nikapuliza njia zake kwa mdomo, Mzee aliangalia tu akasema njoo Jumatatu.

Yeye ni Mmarekani mweusi, miaka sabini na kitu, alifanya kazi kiwanda cha Dodge Main pale Hamtramck mpaka walipokifunga 1980, kazi yake ilikuwa kufunga milango kwenye bodi. Nilimzoesha kuitwa Mzee na akalipenda jina. Nikamfundisha na shikamoo, ila hiyo ilimshinda, kila asubuhi nikiingia gereji ananiwahi yeye, "Shikamoo!" na mimi nabaki nimeduwaa mlangoni, mtu wa umri wa babu yangu ananiamkia. Nimemweleza mara ngapi. Hakuelewa, au alielewa akaona inachekesha.

Sasa gari. Dodge Challenger R/T ya 1970, injini ya 440 Magnum, hizo 440 ni inchi za ujazo, kwetu tungesema lita 7.2, nguvu za farasi 375 kutoka kiwandani. Rangi yake kiwanda waliiita Plum Crazy lakini mi nilipoiona mara ya kwanza nilijua jina lake halisi, ni rangi ya ulimi wa mtoto aliyetoka kupanda mzambarau. Mzee aliinunua zamani ikiwa imelala kwa mtu miaka na miaka, sakafu imeliwa na chumvi wanayomwaga barabarani kipindi cha theluji, ukikanyaga unaona majani chini. Ila namba ya chasisi ina herufi B, maana yake imeunganishwa Hamtramck, na yeye mwaka huo alikuwa pale pale kwenye laini. Alikuwa anapenda kugonga mlango wa dereva kwa vidole akisema inawezekana huu niliufunga mimi. Hana uhakika na hatakuwa nao kamwe, lakini kwa ajili ya huo "inawezekana" alitumia miaka saba na hela ambazo mkewe hajatajiwa mpaka leo.

Na kazi yenyewe ya kurestoa ilinichanganya akili. Sisi Gerezani kutengeneza ni gari iwake mteja aende, kama bolti ya asili haipo unaweka ya Bedford, kama haiingii unaigonga mpaka iingie. Kule bodi yote ilivuliwa mpaka chuma kitupu, ikafungwa kwenye fremu ya kuizungusha kama mbuzi kwenye moto, ili upate kuchomelea chini bila kulala mgongo. Bolti ya asili ina alama kichwani na alama ikiwa tofauti haifungwi. Kituko kilikuwa kwenye rangi. Dar nimewahi kupigwa kofi la shingo kwa sababu ya tone moja la rangi lililochuruzika kwenye mlango wa teksi. Kwa Mzee nimeinama chini ya gari napiga rangi taratibu, safi, naona fahari, akaja akasema acha, mbona unapaka vizuri hivyo? Kiwandani jamaa walikuwa na haraka, rangi ilirukia chini hovyohovyo, kwa hiyo na wewe irushe hovyohovyo, lakini pale pale walipoirushia wao! Ana picha za gari ambazo hazijawahi kuguswa, tunaangalia picha, tunaiga uzembe wa watu wa 1970. Hata alama za chaki za wakaguzi tulizirudisha, na yeye alizichora kwa mkono wake, akiwa kimya kabisa. Siku hiyo sikumtania.

Basi Jumamosi ikafika, tarehe 18. Kila mwaka, Jumamosi ya tatu ya Agosti, kuna Woodward Dream Cruise. Woodward ni barabara inayotoka mtoni katikati ya Detroit inapanda kaskazini mpaka mji wa Pontiac, na miaka ya sitini vijana walikuwa wanashindana pale usiku, taa hadi taa, na mainjinia wa viwanda nao wanachomoka na magari ya majaribio wakajipime. Hii ya sasa ilianza 1995 kama mchango tu wa kutafuta hela za uwanja wa mpira wa watoto pale Ferndale. Mpira huu wetu wa miguu, siyo ule wao. Mpaka leo waandaaji wanasema magari maelfu kwa maelfu na watu kufika milioni. Mi sikuwahesabu, ila watu wanapanga viti barabarani tangu alfajiri, na harufu ya petroli isiyoungua vizuri imetanda kila mahali, harufu ambayo mimi ilinipeleka nyumbani moja kwa moja, nikaona kama naskia na wauza kahawa.

Barabara zinazokatiza Woodward zinaitwa kwa maili, Maili Nane, Maili Tisa, Kumi, kuhesabia kutoka mjini. Nikamwambia Mzee na sisi tunayo, Kibaha Maili Moja. Akauliza maili moja kutoka wapi. Hapo sikuwa na jibu.

Foleni ilikuwa ya kutambaa na Mzee anaongea, mkono nje ya dirisha. Akanisimulia habari za Detroit Dragway, uwanja wa drag, mbio za gari za kunyoosha moja kwa moja, waliokuwa wanaenda wikiendi, robo maili, mita kama 402, gari mbili tu zinasimama mbele ya mti wa taa, njano zinashuka kisha kijani. Akasema kosa la mgeni ni kusubiri kijani. Unaondoka ukiona njano ya mwisho, maana mguu na gari vina uzito wao, ukisubiri kijani umeshaliwa. Ila ukiwahi sana inawaka nyekundu na safari imeishia hapo. Afu akaingia kwenye stori aipendayo kuliko zote, ya Challenger nyeusi, ya 1970 kama yetu ila yenye injini ya Hemi, kali kuliko yetu, iliyokuwa inatokea Woodward usiku inawapiga watu wote inapotea, hakuna anayemjua dereva, wakaiita Black Ghost. Kumbe mwenyewe alikuwa polisi wa Detroit, mweusi, Godfrey Qualls, angejulikana angepoteza kazi. Alifariki 2015 akamwachia mwanawe. Baadaye sana, 2023, nilisikia ile gari imepigwa mnada Indianapolis kwa karibu dola milioni moja, nikampigia Mzee simu, akanyamaza muda mrefu akasema polisi mmoja aliwahi kunisimamisha palepale Woodward, nisingejali kama angekuwa yeye.

Karibu na Maili Kumi na Tatu, Royal Oak, gari ikazima. Haikukohoa wala kuyumba, ilizima tu kama mtu kazima taa ya chumbani. Tukaisukuma pembeni, na jamani lile gari ni zito, jua la Agosti, watu kwenye viti wanashangilia kama ndo shoo yenyewe. Boneti juu, na wewe mwenyewe unajua boneti ikifunguliwa mbele ya wanaume inakuwaje. Mmoja anasema petroli imechemka kwenye bomba. Mwingine pampu. Mwingine koili, ile inayokuza umeme wa kutoa cheche kwenye plagi, alisema koili mara nne. Mzee akawasha. Ikashika, vurrr, akaachia funguo, ikazima. Tena. Ikashika vizuri tu, akiachia funguo, kimya.

Nikacheka. Aisee nilicheka kwa sauti, maana nilijikuta Gerezani, Datsun ya bluu, fundi ananizaba kibao cha kichwa ananiuliza inawaka funguo ikiwa wapi? Ni resista. Zile gari zina resista ya koili, kipande cheupe kama udongo wa kula wajawazito, kimefungwa kwenye ukuta wa injini. Ukishikilia funguo kwenye kuwasha, umeme unairuka unaenda koili mzima mzima, kwa hiyo inawaka. Ukiachia, umeme unalazimika kupita kwenye resista, na kama imekatika ndani, hakuna moto. Nikasema kwa sauti, resista. Mzee akaniangalia kama kaniona leo, akatabasamu, akasema mwanangu, fungua droo, kuna spea kwenye kitambaa chekundu.

Sijui nikuelezeje. Tumbo lilishuka mpaka kwenye viatu. Nikaenda, nikafungua droo nililolisafisha mwenyewe, linang'aa, tupu, nikaingiza na mkono ndani kupapasa kabisa, kwa nini sijui, kama vile kitajirudisha. Nikarudi nikasema haipo. Akasema haiwezekani, ipo tangu nilipomaliza gari. Nikasema haipo Mzee. Hapo ndo nilipokosea mara ya pili, kwa sababu nilitakiwa niseme nimeitoa mimi, na sikusema.

Pembeni yetu palikuwa na mzee mmoja wa kizungu na Pontiac GTO ya 1966, alikuwa anatucheka toka mwanzo, hawa watu wa GM, wenye Pontiac, na watu wa Chrysler, wenye Dodge, ni Simba na Yanga. Nikamuomba waya. Alinipa kipande cha inchi nane hivi kutoka kwenye boksi lake la vifaa, na utani juu. Mzee akaelewa nataka kufanya nini akasema hapana. Unajua miaka saba mtu anatafuta klipu zenye alama sahihi, leo uje umfungie waya mwekundu kwenye injini mbele ya umati, unaruka resista kienyeji? Na kitaalamu alikuwa sahihi, koili ikipewa umeme wote muda mrefu inachemka na platina, vile vidude vya kukata na kuunga umeme wa koili, zinaungua. Nikamwambia Mzee, Dar kuna teksi zimetembea hivi miezi. Akasema hii siyo teksi. Nikasema sasa hivi siyo hata gari, imesimama.

Tukatazamana. Akaenda kukaa kwenye kiti cha dereva bila kusema ndiyo. Nikafunga waya, nikaukaza na koleo ya yule mtu wa GTO, Mzee akawasha, akaachia funguo, ikabaki inaunguruma. Watu wakapiga makofi. Yeye hakuangalia upande wowote.

Tulitoka Woodward tukapita mitaa ya ndani kukwepa foleni, kila kwenye alama ya kusimama naona jicho lake liko kwenye boneti kama anauona waya kupitia chuma. Maili nne zile, kimya. Tulipoingiza gari gereji nikaenda moja kwa moja kwenye boksi chini ya meza, nikatoa kitambaa, nikamwekea mkononi. Nikasema nilidhani ni takataka. Alikifungua taratibu, akaangalia resista, akakifunga tena na raba bendi yake. Akasema nenda nyumbani, kesho njoo baada ya kanisa.

Jumapili alikuwa ameshafungua deliko, kile kifaa cha kugawa moto kwenye plagi, ndani ndo zinakaa platina. Akaniwekea platina kiganjani, zimeungua, moja ina shimo, moja ina kichuguu, rangi ya bluu imeanza. "Maili nne," akasema. Nikafunga mpya, nikaziseti kwa kipimo huku yeye kasimama nyuma yangu, mara tatu nilirudia. Kisha akaniamkia shikamoo, nikajua yameisha.

Kwenye droo la ile gari siku hizi kuna resista mbili, kila moja na kitambaa chake, na waya umepigwa marufuku. Waya ninao mimi, ule ule wa inchi nane, kila Agosti tukitoka nautia mfuko wa nyuma wa suruali na simwambii.