Siku moja maishani mwangu: kocha Mkenya, Mbeya

Saa 11 alfajiri. Mji huu uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa tano baridi yake haina utani. Mimi niliyekulia Kisumu, kwenye joto la ziwa, nasubiri chai ichemke nikiwa na soksi pea mbili na jaketi la timu. Nyumbani wakisikia kwamba fulani anafundisha mpira nje ya nchi, wanawaza suti na ndege. Nilikuja kwa basi, kupitia mpaka wa Sirari.

Saa 1 niko kambini. Vijana wananywa uji, wananiamkia mmoja mmoja: "Shikamoo, mwalimu." Wiki ya kwanza nilikuwa nawajibu "poa", wakitazamana. Kwetu shikamoo tuliisoma shuleni, basi. Sasa "marahaba" inatoka yenyewe, na hilo jina la mwalimu nimelipenda. Tukifungwa, jukwaani nageuka kuwa "yule Mkenya".

Saa 2 hadi saa 4 ni mazoezi: kupasha misuli, pasi fupi, kona, krosi. Koni naokota mwenyewe.

Saa 5 nafungua kompyuta niangalie mechi mbili za wapinzani wetu wa Jumamosi. Ligi ina timu 16, mbili za mwisho zinashuka moja kwa moja, ya 13 na ya 14 zinakwenda mchujo. Sisi ni wa 13. Zimebaki mechi tatu. Nimefika dakika ya tisa ya video, mlango unagongwa.

Ni mzee mmoja wa kamati.

Anaanza na salamu. Habari za asubuhi, za kulala, za vijana, za Kenya, mvua huko vipi. Anavuta kiti. Anaulizia chai. Zamani ningemwambia, "Sema mzee, unataka nini?" Kisumu hilo ni swali la kawaida tu, lakini hapa niliwahi kumuuliza hivyo mwenye nyumba wangu, akaninunia wiki nzima. Kwa hiyo namngoja anywe kikombe cha kwanza, ndipo namuuliza, "Nikusaidie nini, mzee wangu?"

"Aah, nimepita kukusalimia tu, mwalimu."

Kikombe cha pili. Anaisifu kona yetu ya wiki iliyopita, ambayo haikuzaa kitu. Anapangusa mdomo kwa leso, anaikunja mara nne, anairudisha mfukoni. Halafu: "Hivi yule mwanetu, beki wa kushoto, anaendeleaje?"

Mwanetu ni mtoto wa dada yake. Ana mbio, sikatai, ila akipanda harudi, na Jumamosi tunakutana na winga wa kulia anayeishi kwa kusubiri mabeki wa namna hiyo. Namwonyesha kwenye video. Anatazama kidogo, anasema picha haionekani vizuri. Namrudishia. Anapokea simu. Anazungumzia bei ya mpunga wa Kyela kwa dakika kumi na kitu, mguu juu ya mguu, huku winga wangu amegandishwa kwenye kioo.

Akimaliza ananigeukia kwa upole. "Mkenya mwenzako Siang'a alikuja nchini kuifundisha Simba, 2003 wakaitoa Zamalek ya Misri, mabingwa wa Afrika, kwa penalti. Wewe unamwogopa winga mmoja?"

Hilo ni kweli tupu, na kwetu tunajivunia. Mwaka huo nilikuwa sekondari. Kila Mkenya anayefundisha huku analibeba jina la Siang'a begani, hata kama amepewa mipira tisa na vizibao kumi na moja.

Naomba nimjibu Jumamosi. Anasimama, anavaa kofia, na akiwa mlangoni anaikumbuka barua. Kibali changu cha kazi kinaisha mwisho wa mwezi, na barua ya kukihuisha inasubiri saini yake, wiki ya tatu sasa. Kibali kikiisha, mechi ya mwisho nitaitazama kutoka jukwaani, katikati ya wale wanaoniita yule Mkenya. "Nitaiangalia," anasema, "tukijaliwa."

Saa 7 na robo. Saa mbili zimeondoka na chai yangu yote.

Mchana sikumbuki vizuri. Wali maharage, simu ya daktari wa timu kuhusu nyonga ya kiungo mkabaji, simu nyingine ya mhasibu kuhusu mshahara wa mwezi wa nne: "wiki hii". Jioni tunarudi uwanjani. Nawapanga mabeki wanne, nafasi ya kushoto namweka yule mwingine, mfupi, mzito kidogo, asiyepanda bila kutazama nyuma. Mpwa wa mzee anavaa kizibao cha akiba bila neno. Kijana wa watu hana kosa.

Giza likiingia binti yangu ananipigia kuuliza kama Jumamosi nitaonekana kwenye runinga. Namwambia atafute mtu aliyesimama, anayepiga kelele. Nakula, narudi kwenye dakika ya tisa, nalala kitini, naamka, naandika kikosi kwa kalamu ya wino.

Mtunza vifaa amesafiri kwa msiba, hivyo vizibao nimevifua mimi. Saa 5 usiku natoka kuvishika kambani. Vyote kumi na moja vibichi, na mazoezi ni saa 2 asubuhi. Naviingiza ndani, navitandaza kwenye viti, na kimoja nakifunika juu ya kompyuta, ina joto.