Tochi Nyuma ya Kioo cha Stoo

Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2014 ilitangazwa tarehe 8 Oktoba, na kesho yake mwalimu wetu wa maabara, katika chuo kimoja cha afya hapa Dodoma, aliweka ratiba kando ili atueleze kwa nini tuzo ya kemia imekwenda kwa watu wa hadubini. Ulikuwa msimu wa upepo mkavu, vumbi likipenya hata madirisha yaliyofungwa, nasi tulizoea kulisingizia vumbi kila taswira ilipokosa kuwa safi. Mwalimu alitunyang'anya kisingizio hicho mapema. Hata lenzi safi kabisa ina mpaka wake, alisema, kwani tangu mwaka 1873 Mjerumani Ernst Abbe alikwisha kuonyesha kwamba vitu viwili vilivyokaribiana kuliko takriban nusu ya urefu wa wimbi la mwanga, yaani kama maikromita 0.2 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), huonekana kuwa kitu kimoja, na ukizidisha ukuzaji unakuza ukungu tu.

Sisi mpaka huo haukutusumbua. Seli nyekundu ya damu ina upana wa maikromita 7 hivi, na kimelea cha malaria kilicho katika umbo la pete huonekana vizuri ndani yake kwa lenzi ya mara 100 na tone la mafuta: utepe mwembamba wa buluu wenye nukta nyekundu pembeni. Kazi ipo kwenye virusi na protini. Hadubini ya elektroni, iliyobuniwa Berlin na Ernst Ruska na Max Knoll mwaka 1931, ilikuja kuuvuka mpaka wa Abbe, lakini sampuli hukaa katika ombwe, mahali pasipo hewa ambapo seli haiwezi kuendelea kuishi ikitazamwa.

Ndipo akawaingiza wenzetu kadhaa katika stoo ya maabara, ambayo haina dirisha na mlango wake una kioo kinachopitisha mwanga bila kuonyesha sura ya mtu. Akawaambia wasogee nyuma kidogo na kuwasha tochi za simu zote kwa pamoja. Tuliobaki nje tuliona doa moja pana la mwanga, wala hakuna aliyeweza kusema ni tochi ngapi. Kisha akaamuru zizimwe zote na ziwashwe moja moja. Kila tochi bado ilitoa doa lenye ukungu, lakini kwa kuwa lilikuwa peke yake, mwalimu aliweza kukisia kitovu chake na kukitia nukta kwa maka peni juu ya kioo. Tochi ya mwisho ilipozimwa, nukta zilikuwa zimeonyesha mahali alipokuwa amesimama kila mmoja.

Hivyo ndivyo alivyofanya Eric Betzig, mmoja wa washindi watatu wa tuzo hiyo, mwaka 2006, isipokuwa tochi zake zilikuwa molekuli za protini inayong'aa, ambazo leza iliwasha chache kwa kila zamu. Mshindi mwenzake, William Moerner, ndiye aliyekuwa ametangulia kuonyesha kwamba molekuli moja inaweza kugunduliwa kwa mwanga na kwamba protini ya aina hiyo inaweza kuwashwa na kuzimwa. Stefan Hell, mshindi wa tatu, alipita njia nyingine: leza moja huamsha molekuli, na ya pili, yenye umbo la mduara wenye tundu katikati, huzizima zote isipokuwa zilizo ndani ya tundu. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye werevu wote, maana kanuni ya Abbe kuhusu lenzi haikuguswa. Kilichobadilika ni lini molekuli inaruhusiwa kung'aa, na hilo ni suala la kemia.

Mwenzetu mmoja aliyetoka Kongwa, wilaya iliyosumbuliwa na ugonjwa wa macho wa vikope kwa miaka mingi, aliuliza kama hadubini hizo zingesaidia kule kwao, kwa kuwa bakteria wa vikope ana ukubwa wa maikromita 0.3 hivi na yuko karibu kabisa na mpaka. Mwalimu alijibu kwamba maabara za utafiti zitamchunguza vizuri zaidi kwa njia hizo, lakini anayepima watoto kijijini hupindua kope la juu na kulitazama kwa lenzi ya mkononi inayokuza mara 2.5.