Bakteria wa chupa wanasaidia kweli, ila samaki wasubiri kwanza

Naona sa hivi watu wengi hapa Dar wanaanza kufuga samaki wa mapambo, na ukiingia dukani kununua tanki unaoneshwa na kichupa cha bakteria, unaambiwa mwaga hiki leo na samaki weka leoleo. Mimi bakteria wa chupa nawakubali na nawatumia. Ila hiyo ya kumwaga na kuweka samaki palepale siikubali kabisa, hasa kwa sisi tunaofuga samaki wa Ziwa Tanganyika.

Iko hivi. Samaki anakula, anatoa uchafu, chakula kilichobaki kinaoza, na vyote hivyo mwisho wake ni amonia. Ziwani inapotelea kwenye maji mengi, kwenye tanki la lita 80 haina pa kwenda. Wanaoiondoa ni bakteria, kuna wanaoibadilisha kuwa nitraiti, ambayo nayo ni sumu, inaharibu damu ya samaki isibebe oksijeni mpaka matamvua yanakuwa ya kahawia na unamkuta yuko juu kabisa anahemahema, alafu kuna wengine wanaoigeuza nitraiti kuwa nitreti, na hii haina shida kubwa, unaipunguza kwa kubadilisha maji. Tanki jipya halina hao bakteria wa kutosha. Ukisubiri watakuja wenyewe, ila kwa kawaida ni wiki 4 mpaka 6 coz wanazaliana polepole mno, yani bakteria wa tumboni kama E. coli akipata chakula anajigawa kila baada ya dakika 20 hivi, hawa wetu wanaweza kutaka nusu siku, siku nzima au zaidi. Hapo ndo chupa inapookoa muda, unaanza na wengi badala ya wachache.

Sasa mbona wengine wanasema chupa ni utapeli? Zamani iliaminika anayekula nitraiti ni Nitrobacter, na ndo aliyekuwa anawekwa kwenye chupa. Mwaka 1998 Timothy Hovanec na wenzake kule Marekani walichunguza akwariamu za maji baridi (yasiyo ya chumvi) wakaona anayeifanya hiyo kazi ni wa jamii ya Nitrospira. Baadae, 2015, watafiti wakaonesha kuna Nitrospira anayefanya hatua zote mbili mwenyewe, kutoka amonia mpaka nitreti. Kwa hiyo geuza chupa usome. Mimi natafuta Nitrosomonas, anayekula amonia, na Nitrospira. Ukikuta ni Bacillus tupu, hao wana faida yao, wanakula uchafu unaooza na wanavumilia kukaa kwenye chupa muda mrefu kwa sababu wanajifungia kwenye spora, ila kazi ya kukomaza tanki, yani kulifikisha liweze kuondoa amonia na nitraiti lenyewe, si yao.

Na wale tunaowataka hawana hiyo spora. Wako hai humo ndani, wana njaa, na joto linawaua. Fikiria chupa imesafiri kwa meli, imekaa kwenye kontena bandarini, imefika dukani imepangwa dirishani jua linapiga mchana kutwa. Mi nikishika chupa nikaona ina uvuguvugu narudisha. Nauliza inatunzwa wapi, naangalia tarehe, na kama muuzaji anaitunza kwenye friji (sio friza, kuganda kunawaua) huyo namwamini zaidi hata kama bei iko juu.

Ukishaipata, kwanza ondoa klorini kwenye maji, maji ya DAWASA yametiwa klorini kuua vijidudu na haichagui kijidudu kizuri na kibaya. Dawa ya kuondoa klorini ni bei ndogo, nunua. Alafu tikisa chupa sana mpaka yale matope ya chini yachanganyike, na mwaga kwenye sponji ya filta, wao hawakai wakiogelea, wanang'ang'ania kwenye sponji, mawe na mchanga. Taa ya UV ya kuua vijidudu, kama unayo, izime. Pampu ya hewa iache inaunguruma, wanakula oksijeni kama nini. Joto la Dar linatufaa hapa, maji ya nyuzi 27 au 28 wanayapenda, wala huhitaji hita, mwenye tanki Arusha au Iringa ndo aiweke.

Sehemu inayosahaulika na wengi ni chakula chao. Ukimwaga bakteria kwenye tanki tupu lisilo na amonia wanakaa na njaa tu. Kama umepata ile amonia kloridi ya matone ya akwariamu, weka mpaka kipimo kisome miligramu 2 kwa lita, usizidishe ukafika 5 maana ikizidi hata wao inawadumaza. Kama huna, nunua kamba mmoja mbichi pale soko la samaki la Feri, mtie kwenye soksi safi, mtumbukize aoze humo. Harufu utaivumilia.

Alafu pima. Hapa sina mjadala na mtu. Kit ya kupimia ya matone ya kampuni ya API kwa amonia ni matone 8 ya chupa ya kwanza, 8 ya chupa ya pili, tikisa, subiri dakika 5, shika kile kichupa mbele ya karatasi nyeupe mchana. Njano ni sifuri, ikiwa na ukijani bado kuna amonia. Nitraiti inaanza na bluu ya anga ikipanda inakuwa zambarau, na usishtuke ukiiona zambarau kali wakati amonia imeshashuka, ndo inavyokuwa, kundi la pili linachelewa. Tanki limekomaa pale unapoweka tena amonia mpaka 2, na baada ya saa 24 amonia sifuri, nitraiti sifuri. Chupa nzuri inaweza kukufikisha hapo ndani ya wiki moja au mbili. Ikikufikisha haraka zaidi sawa, ila kipimo ndo kiseme, sio lebo.

Kwa nini nakomaa na hili? Maji ya Tanganyika pH yake (kipimo cha asidi na alkali) iko juu, karibu 9 ziwani, na kwenye matanki yetu tunaipandisha kwenye 8.5 hivi. Amonia ile ile inakuwa kali zaidi pH ikipanda. Kwenye pH 7 ni chini ya asilimia 1 tu yake ndo iko kwenye hali ya sumu, kwenye 8.5 na joto letu inafika kama asilimia 17. Wale multi wanaoishi kwenye magamba ya konokono, samaki ambaye hata sentimita 5 kwa kawaida hafiki, ukimtia kwenye maji hayo kwa sababu chupa imeandikwa papo hapo, unamuunguza matamvua. Amefika hapo akitokea Kigoma, safari yote hiyo, anastahili maji yaliyo tayari.

Na umeme ukikatika, filta ya kopo iliyofungwa inaishiwa oksijeni na bakteria wako wanaanza kufa humo ndani. Ifungue, toa sponji, iweke ndani ya tanki karibu na pampu ya hewa ya betri.

Kiukweli lakini kama kuna mtu unamfahamu ana tanki la siku nyingi, samaki wake hawana ugonjwa, muombe kipande cha sponji ya filta yake kabla hujatoa hela ya chupa. Hao bakteria wameshazoea maji ya hapa na hawajapitia kontena lolote. Kiweke kwenye mfuko na maji ya tanki hilohilo, usikioshe na maji ya bomba, na kifike kwenye filta yako siku hiyohiyo.