Spark: ripoti ndogo ikikwama nyuma ya kazi kubwa
Wenzangu wa Malindi mnaochakata takwimu za samaki kwa Spark (mfumo wa kuchakata data nyingi), ripoti ya leo ikikwama nyuma ya hesabu ya mwaka mzima, msikimbilie kununua seva. Ndani ya programu moja, Spark hufuata foleni: kazi iliyotangulia hujichukulia nafasi zote inazohitaji. Wekeni spark.scheduler.mode iwe FAIR, yaani kazi zigawane nafasi kwa zamu, kabla ya kuiwasha programu, kisha kila kazi itumwe kwa thredi yake (mkondo wake wa utekelezaji). Zikipitia thredi moja, ya pili haianzi mpaka ya kwanza iishe, na FAIR haisaidii kitu. Wengi hunasa hapa. Fungu la ripoti (pool, yaani kundi la kazi zake) lipeni weight 2, uzito wa mgao wake, maana kawaida ni 1. Tena kijikazi (task, kipande cha kazi) kilichokwisha kuanza hakinyang'anywi kori ya prosesa, kwa hiyo ile data kubwa ikateni vipande vidogo ili kori ziachiwe mapema.